Butike za avenyu huku Katuba, Lubumbashi: kulipa mbele, kununua pamoja, au kooperative?

Mwana_Katuba
Jambo yenu wote. Avenyu yetu ina butike (maduka madogo) nne, na mbili rafu zimeanza kubaki tupu. Wakaaji wamekubali kuzisaidia ila hawajapatana njia. Wengine wanataka kila nyumba ilipe mbele mwanzo wa mwezi. Wengine wanasema wenye butike wanunue pamoja kwenye depo, yaani duka la jumla. Kuna wanaotaka kooperative (ushirika) ya wakaaji. Na wapo wanaosema tuendelee kukopa kwa kaye (daftari la madeni), eti mteja mwenye deni hahami. Ipi inashika? Naomba hesabu.

Mama_Depo
Ndugu, tuanze na hiyo kaye, maana ndiyo inayomaliza rafu. Butike inaweza kuwa na wateja tele na bado ikafa, kwa sababu pesa hairudi depo kwa wakati.

Chukua mfano. Gunia la unga la kilo 25, depo inataka dola 20. Kiwango cha dola moja kikiwa franka 2.500, hiyo ni franka 50.000. Butike inaligawa meka (kopo la kupimia) kumi, kila moja kwa 5.500, inapata 55.000. Nyumba moja ikikopa meka mbili, 11.000 imetoka: faida yote ya gunia, na 6.000 ya mtaji juu yake. Sasa kiwango kikipanda hadi 2.700 kabla watu hawajalipa, gunia lile lile ni 54.000. Hata wote wakilipa bila kupunguza kitu, imebaki 1.000, na pusupusu (mkokoteni) bado haijalipwa. Depo inahesabu dola, kaye inahesabu franka. Hapo ndipo mtaji unapovuja, na mwenye butike haoni mpaka siku anaporudi depo na pesa ya magunia matano, anapewa manne.

Kama ni lazima kukopesha, andika bidhaa: “meka mbili”. Mtu alipe bei ya siku anayolipa. Na deni la zamani lisipoisha, jipya halifunguliwi.

Mhasibu_Kampemba
Mama amesema kweli. Ndiyo maana kulipa mbele kunazidi: ni deni lililogeuzwa, mteja ndiye anayekopesha. Lakini kuna namna ya kufanya.

Kaye mbili kwa kila nyumba, moja inakaa butike, moja inakaa nyumbani, zote zinatiwa sahihi kila mtu anapochukua kitu. Malipo ya mbele yahusu vitu vinavyotoka kila siku tu: unga, mafuta, sukari, chumvi, sabuni. Mikate na vinywaji vilipwe papo hapo; mikate inalala, na friji bila umeme wa SNEL, shirika la umeme, haina faida kwa mtu. Pesa ikiingia asubuhi, mchana iwe imeshakuwa magunia. Ikilala mfukoni juma zima, au imeliwa na kiwango, au imeliwa na ada ya shule.

Kosa kubwa ni kuahidi idadi ya meka kwa bei ya leo hadi mwisho wa mwezi. Unga wetu mwingi unategemea Zambia. Agosti 2024 walipofunga mpaka kwa siku chache, mwenye butike aliyekuwa ameahidi hivyo angetoa unga kwa hasara. Ahidi idadi kwa mzigo ambao umeshauweka ndani tu. Unaobaki, bei ya siku. Januari hadi Machi, kabla ya mavuno, uangalie zaidi.

Kona_ya_Soko_Kenya
Naheshimu hesabu zenu, wakubwa, ila mnasahau gharama ya kwenda depo. Mwenye butike akienda mwenyewe, mlango umefungwa nusu siku. Wanne wakienda kila mmoja kwa safari yake, ni nusu siku nne na usafiri mara nne, kwa magunia matano matano. Mkiunganisha, magunia 20 ni kilo 500, gari dogo moja linabeba, mtu mmoja anakwenda, butike tatu ziko wazi. Bei ya depo inaweza ipungue au isipungue, hiyo ni kupatana. Usafiri utapungua hakika. Mimi ningeanza hapo.

Mwana_Katuba
Na siku ya kwenda, mmoja akikosa pesa? Au anayebeba pesa za wote asirudi?

Kona_ya_Soko_Kenya
Orodha inafungwa jioni. Asiyeweka pesa jioni hiyo hayumo, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Wanaowawekea wenzao “nitalipa kesho” ndio wanaovunja kikundi, na mara nyingi ni safari ya pili tu. Pesa zikilala, zilale kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na sanduku kwa mtu wa nne. Depo itoe fakture (hati ya mauzo) kwa jina la kila butike. Gunia likitoka na unga uliolowa, mnajua ni la nani, hamgombani.

Mhasibu_Kampemba
Kooperative nayo si mbaya, ila si dawa ya mwezi huu. Kwa sheria ya OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika ambamo yetu imo, kooperative ya aina nyepesi inataka watu watano angalau, statuti (katiba yake), na kuandikishwa kwenye rejista. Halafu itauza unga ule ule kwa wateja wale wale, kwa hiyo mtakuwa mmefungua butike ya tano mbele ya nne mnazotaka kuziokoa. Labda iwe depo ndogo inayoziuzia hizo nne. Hiyo ningeiunga mkono kwa mikono miwili.

Mama_Depo
Basi nunueni pamoja, na malipo ya mbele ya nyumba ndiyo yawe pesa ya orodha ya jioni. Hayo mawili hayapingani.

Ila rekebisheni meka kwanza. Nyumba haitalipa mbele mahali ambapo haiamini kipimo. Leteni meka za butike zote nne pamoja na mzani mmoja. Pimeni kila moja tupu, halafu ikiwa imejaa na kukatwa usawa kwa kijiti. Andikeni kilo mlangoni. Iliyogongwa chini hadi kitako kimeingia ndani, itupwe siku hiyo hiyo.

Mwana_Katuba
Aksanti mama. Mzani tunaazima Jumamosi.