MJADALA: Njia moja ya miguu na baiskeli kukatiza bonde la Jangwani, tuikubali au tuikatae?

Mtaa wa Tano:
Wakuu, habari za jioni. Kila anayevuka Jangwani hapa Dar anaona kinachoendelea bondeni. Nyumba nyingi zimeshaondoka, na mradi wa Bonde la Msimbazi, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa 2022, unatuahidi kwamba sehemu ya bonde itakuwa bustani ya jiji. Mradi wenyewe siujadili leo. Nataka tujadili kitu kimoja tu: ndani ya hiyo bustani ipite njia ya kukatiza, ianzie upande wa Magomeni, ivuke kuelekea Upanga, ishuke na mto mpaka daraja la Selander. Njia MOJA, watembea kwa miguu na baiskeli pamoja, upana mita nne. Najua wapo watakaosema zitenganishwe. Tumeshatenganisha Morogoro Road wakati wa kujenga njia ya mabasi ya mwendokasi. Nani leo anapita kwenye ile ya baiskeli zaidi ya bodaboda na meza za chipsi? Njia yenye mchanganyiko wa watu hujilinda yenyewe. Karibuni kwa hoja.

Kiduku wa Ilala:
Mita nne? Mkuu, umewahi kukutana na klabu ya joging Jumamosi alfajiri? Wanachukua barabara nzima, spika mbele, filimbi nyuma, jezi sare kama timu ya taifa. Wape njia ya bustanini uone kama baiskeli itapata hata pa kupitisha gurudumu. Na nusu yao hawakimbii, wanatembea wakiimba, wanasubiri supu.

Fundi Spoku:
Naongea kama mtu anayeshinda na baiskeli kuanzia asubuhi. Hapo mnabishana upana, mimi nauliza kimo. Bonde lile masika ikikolea maji yanapanda mpaka barabara inafungwa. Karakana ya mabasi pale mnaijua, imefurika mara ngapi? Njia ikijengwa chini usawa wa mto, kila mvua itaachiwa tope laini la mchanga. Mteja wangu mmoja alipitisha baiskeli kwenye lile tope siku moja tu. Nilipofungua ekseli, grisi imegeuka uji wa kijivu, gololi zinakwaruza kama unasaga dona. Na huyo alipita mara moja. Mtembeaji naye atateleza. Sasa nani atakuwa na koleo la kusafisha kila masika, manispaa? Hilo lijibiwe kwanza, mambo ya mita tatu au nne baadaye.

Mama Joging TMK:
@Kiduku wa Ilala supu inakuhusu nini wewe? Uliichangia? Watu wanaamka saa kumi na moja wewe umelala na kitambi chako halafu unakuja kutuandika. Klabu yetu tukifiwa tunazikana, mwenzetu akilazwa tunachanga, mwisho wa mwezi tunafagia soko. Wewe na jirani yako mmeshafagia nini?

Kiduku wa Ilala:
Mama, mimi nimesema mnajaza njia, sijasema hamzikani.

Mama Joging TMK:
Umesema hatukimbii. Usigeuze.

Bwana Lami:
Mnapoteza muda. Baiskeli Dar ni za nani? Muuza mkaa, muuza mkate, muuza samaki, na wazungu wa Masaki wenye kaptura za kubana. Muuza mkaa hatapita bustanini kutazama maua, na mzungu hatashuka Jangwani. Jengeni njia ya miguu, wekeni taa, basi.

Dada Pedali:
@Bwana Lami habari, mimi ndiye wa nne uliyenisahau. Sina mkaa, sina samaki, si mzungu, na kaptura sivai. Naishi Magomeni, kazi mjini, ninaendesha kwa sketi yangu ya kazini na kilemba. Ukikaa kwenye foleni ya mwendokasi pale kituoni jioni, watu wamebanana mpaka mlango haufungi, mimi ndiye yule anayekupita.

Bwana Lami:
Mmoja katika milioni sita.

Dada Pedali:
Na wewe umehesabu ukiwa wapi, ndani ya gari yenye vioo vyeusi? Wangeweka pa kupita salama ungeona tuko wangapi. Nenda Shinyanga, nenda Tabora, nenda Kahama uone mama anavyopakia watoto wawili na debe la mahindi. Baiskeli haikuwahi kuwa aibu mpaka ilipofika Dar.

Mzee wa Swala:
Nakuunga mkono binti yangu. Sisi tumeendesha baiskeli za Swala zilizoundwa hapahapa nchini. Mwalimu, karani, bwana afya, wote pedali. Mtu alikuwa anapeleka posa kwa baiskeli na anapokelewa vizuri tu. Siku hizi kijana hana hata kodi ya chumba lakini anaona haya kupanda baiskeli.

Jangwani Damu:
Hoja ndogo tu. Jangwani ni nyumbani kwa klabu yetu ya soka, Yanga, tangu enzi za babu. Makao makuu pale kona ya Twiga, uwanja wa Kaunda uko pale. Njia yoyote ikijengwa ipitie langoni kwetu na ipakwe kijani na njano. Nimemaliza.

Mnyama 1936:
Njia ya nyie vyura wa Yanga inajengwa kwa maji, haihitaji lami. 😂 Nyie mvua ikinyesha mnafanya mazoezi kwa mitumbwi.

Jangwani Damu:
Povu hilo. Sisi ni wa 1935, nyie Simba mmezaliwa mkatukuta.

Mnyama 1936:
Soma jina la mradi, bwana mkubwa. Bonde la nini? La MSIMBAZI. Hata Benki ya Dunia inajua ni la nani.

Jangwani Damu:
Msimbazi yenu ni ule mtaa wa Kariakoo wenye klabu yenu na maduka ya vitenge. Mto hauwahusu, msijichomeke.

Mtaa wa Tano:
Jamani jamani. Kuna uzi wa michezo. Fundi Spoku ameweka hoja nzito pale juu, tumjibu.

Kiduku wa Ilala:
Fundi naye ajibu kwanza kwa nini ringi moja siku hizi inauzwa bei ya mbuzi.

Fundi Spoku:
Ringi siagizi mimi. Muulize anayeitoa bandarini.

Mkwajuni:
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba hiyo bustani yenu imelala juu ya nyumba za watu. Desemba 2015 walitupigia alama ya X nyekundu ukutani, katapila likaja tukiwa bado tunatoa makabati. Mama yangu alikaa juu ya godoro kando ya barabara siku ile, akiwa na sufuria ya wali ambao haukuwa umeiva. Leo nyie mnapima mita nne za kukimbilia. Kimbieni tu, ila mjue mnakimbia sebuleni kwetu.

Bwana Lami:
Pole. Lakini mlijenga mtoni. Serikali ilishawapa viwanja Mabwepande, mkauza mkarudi.

Mkwajuni:
Usinichanganyie habari ili uonekane unajua. Mabwepande walipelekwa waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011. Bomoabomoa ya 2015 ni jambo jingine na sisi hatukupewa kiwanja cha Mabwepande wala cha mbinguni. Na hilo neno "mlijenga mtoni" linasemwa na watu ambao hawajawahi kutafuta chumba cha kupanga karibu na mjini kwa kipato cha kibarua.

Bwana Lami:
Sasa hasira zote hizo kwa njia ya baiskeli?

Mkwajuni:
Hasira ni kwako. Njia sina ugomvi nayo.

Mchicha Mbichi:
Mimi nalima bondeni, mchicha na matembele. Hakuna anayetuuliza. Kwenye ramani za hizi bustani kuna miti, benchi, mtu anatembeza mbwa. Sijawahi kuona ramani yenye tuta la mchicha. Mchicha mnaokula hapa mjini mnadhani unashuka na ndege kutoka Lushoto?

Mnyama 1936:
Ule unaomwagiliwa maji ya mto Msimbazi? Mkuu, kwa hilo naomba unyamaze tu, nimekula jana.

Mchicha Mbichi:
Umekula na uko hai unaandika.

Mwana Upanga:
Nirudi kwenye mada. Napinga njia ya pamoja, na sababu yangu ni mama yangu. Ana miaka zaidi ya sabini, sikio moja halisikii. Jioni tunamtembeza pole pole. Kengele ya baiskeli haisikii, na akishtuka huwa anaruka upande usiotabirika. Wenzetu wa klabu wana mwendo mmoja, watoto wana mwendo wao, baiskeli iko mara tatu ya hapo. Kuwaweka wote kwenye ukanda mmoja kwa sababu eti bodaboda wataingia ni kumuadhibu bibi kwa kosa la bodaboda. Weka mstari, weka miti katikati, weka nguzo mwanzo na mwisho zilizosogeleana kiasi pikipiki isipite.

Dada Pedali:
Nguzo ambazo pikipiki haipiti, kitimwendo kitapita? Na mama mwenye kigari cha mtoto? Hizo nguzo huwa zinamzuia mlemavu na kumwacha bodaboda akipita akipiga honi.

Mwana Upanga:
Basi weka askari.

Kiduku wa Ilala:
Askari Jangwani saa mbili usiku? Atakuwa wa kwanza kuporwa simu. 😂

Mama Joging TMK:
@Mwana Upanga "wenzetu wa klabu wana mwendo mmoja" maana yake nini? Na wewe umeanza?

Mwana Upanga:
Mama nilikuwa nawasifia.

Mama Joging TMK:
Haya. Lakini niseme ukweli kuhusu usiku, maana sisi ndio tunaopita alfajiri. Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa 2022 tulihamia kule, na si kwa ajili ya picha. Kuna taa, unaona mbele na nyuma, magari yanapita. Msichana anaweza kubaki nyuma ya wenzake mita mia na asiogope. Bondeni hakuna gari, hakuna duka, majani yakikua yanamzidi mtu kimo. Mkijenga njia bila taa hata iwe mita kumi, wanawake hawatakanyaga baada ya magharibi, mtabaki nyie na vibaka wenu. Na nyaya za hizo taa zichimbiwe ndani, zikikaa nje wiki moja zitakuwa zimeshauzwa kwa vyuma chakavu.

Jangwani Damu:
Mama amesema kweli. Kumbe na nyie mna hoja, nilidhani supu tu.

Mama Joging TMK:
Wewe nawe!

Bwana Lami:
Kwa taarifa yenu, jiji hili lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, ya 2018, kwa sababu ya mwendokasi na hizohizo njia za baiskeli mnazozidharau. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakaondoka. Ndiyo maana siamini njia yoyote mpya. Uzinduzi tunauweza sana, kufagia hatuwezi.

Fundi Spoku:
Ndicho nilichosema jana kuhusu koleo.

Bwana Lami:
Wewe ulikuwa unaongelea gololi.

Mzee wa Swala:
Bwana Lami, tuzo walipewa, na njia zipo. Mimi nilipita juzi kutoka Magomeni Mapipa kuelekea kituo cha Fire. Nilikuta kibanda cha vocha, mwamvuli, pikipiki sita zimepangwa kama ziko dukani, kijana amejinyoosha juu ya tanki amelala. Nikamwambia "mwanangu naomba njia", akaniambia "mzee pita barabarani, huku kuna watu". Hivyo mleta mada hakukosea sana. Ila ninaogopa njia ya pamoja huko bustanini itafanywa hivyohivyo, na mara hii watembeaji na sisi wote tutafukuzwa kwa pamoja.

Guta la Ilala:
Samahani wakuu, nimechelewa. Naomba kuuliza, mimi nina guta, magurudumu matatu, pedali, sina injini. Napeleka maji ya chupa na soda kutoka Kariakoo mpaka Magomeni kila siku na pale darajani magari yananisukuma ukingoni. Hiyo njia guta linaruhusiwa au hapana?

Mwana Upanga:
Hapana. Ni bustani ya kupumzikia, siyo njia ya mizigo.

Dada Pedali:
Ndiyo. Lina pedali, halina injini, ni baiskeli. Na katika wote tuliochangia hapa yeye ndiye mwenye shida ya kweli ya kuvuka.

Kiduku wa Ilala:
Guta lenye katoni arobaini za maji likiteremka mteremko wa Magomeni breki zake ni viatu vya dereva. Bibi wa Upanga hana salama.

Guta la Ilala:
Breki ninazo, mbili, na fundi wangu yumo humu anaweza kuthibitisha. Na kwa mteremko huwa nashuka nakokota, sijawahi kumgonga mtu. Sasa niulize tena: barabarani hamnitaki, bustanini hamnitaki, huo mzigo mnataka nibebe kichwani?

Bwana Lami:
Nunua bajaji ya mizigo.

Guta la Ilala:
Nikopeshe.

Mwana Upanga:
Ndugu yangu, sina ubaya na wewe. Upewe saa zako basi, kuanzia alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, baada ya hapo njia ibaki ya watembeaji na baiskeli za kawaida.

Mama Joging TMK:
Alfajiri ndio saa zetu sisi!

Guta la Ilala:
Na maduka ya Kariakoo ninakopakia hayafunguliwi alfajiri, mama. Hizo saa mlizonipa nitakuwa napitisha guta tupu.