Uzi: Tuliopanda baiskeli kwenye barabara nyeupe za Toscana, tupeane uzoefu

Mzee wa Pedeli:
Wakuu, habari za wikiendi. Tuko wengi huku Ulaya tunaopanda baiskeli ila kila mmoja anahangaika kivyake. Binamu yangu wa Dodoma anakuja Italia mwezi wa tisa na ameniambia hataki makumbusho, anataka vilima na vumbi. Nimemjibu amefika. Kwa hiyo naomba waliopita zile njia za changarawe nyeupe za Chianti, Crete Senesi na Val d'Orcia waje hapa waeleze yaliyowakuta. Sitaki picha za jua likizama, hizo tumeshiba. Nataka pancha, njaa na kupotea njia.

Naanza mimi. Pale Gaiole in Chianti mwaka 1997 watu wachache walianzisha L'Eroica, safari ya baiskeli za zamani, sababu kubwa ikiwa kuzinusuru hizi barabara nyeupe zisimwagiwe lami. Siku ya tukio lenyewe, mwezi wa kumi, lazima uwe na baiskeli ya kabla ya 1987: gia zibadilishwe kwa vijiti vilivyo kwenye bomba la fremu, na waya za breki zining'inie nje ya usukani. Lakini njia yenyewe, kilomita 209, ina vibao mwaka mzima na haina kiingilio. Unaingia siku yoyote na chuma chako chochote.

Mimi niliingia mwezi wa sita na tairi za milimita 28, nimejaza upepo hadi zinalia kama ngoma. Kiburi hicho! Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa na pancha mbili, ya tatu ikanikuta nateremka, na tyubu za akiba nilibeba mbili tu. Nikakaa chini ya mvinje nabandika kiraka huku kokoto zimenichoma makalio. Halafu vilima vyake ni vya hila. Hakuna mlima wa kusema huu hapa, nikimaliza nimemaliza. Unapanda dakika kumi, unashuka tatu, unapanda tena. Ukijumlisha njia nzima umepanda zaidi ya mita 3,500, yaani kama kutoka Moshi mjini hadi geti la Marangu mara tatu na ushee, ila wamekukatiakatia vipande usishtuke.

Karibuni.

Vumbi la Njombe:
Samahani mkuu, yaani mtu anakata tiketi ya ndege akale vumbi? Njombe vumbi la bure, vilima vya bure, na mahindi ya kuchoma yapo.

Mtoto wa Kapsabet:
😂😂 Wewe wa Njombe, ujue tangu 2021 kuna wazungu wanalipa kuja Maasai Mara kushindana kwenye vumbi letu, ile Migration Gravel Race. Vumbi ni biashara, jipange.

Sasa yangu. Nilikuwa nasoma Siena. Nikajiambia, mimi nimekua kwa murram, nimebeba maziwa kwa baiskeli nikiwa darasa la sita, hawa watanionyesha nini? Nikafuata Via Francigena, ile njia ya mahujaji wa kwenda Roma. Askofu mkuu wa Canterbury, Sigeric, aliipita mwaka 990 akirudi nyumbani na akaandikisha vituo vyake 79. Yeye alikuwa na sababu. Mimi nilikuwa na ndizi mbili na simu yenye chaji asilimia thelathini.

Kwenda Monteriggioni kulikuwa kuzuri. Kijiji kiko juu ya kilima, kimezungushiwa ukuta wenye minara 14, Siena waliujenga kuanzia miaka ya 1210 kuwachunga watu wa Florence. Ukikiona kwa mbali unafikiri umefika. Hujafika! Kinakaa palepale tu kichwani kwako, wewe unakanyaga. Pale mwisho, kabla ya lango, nilishuka nikasukuma, na mzee mmoja aliyevaa suti ya Jumapili akanipita kwa miguu akinisalimia.

Shida ilikuja wiki iliyofuata upande wa Asciano. Usiku mvua ilinyesha. Crete Senesi ni udongo wa mfinyanzi wa kijivu, na barabara ikiwa na changarawe unapita sawa. Mimi nikaona njia ya mkato kando ya shamba la ngano. Wasukuma mliomo humu mnajua udongo wa mbuga ukilowa? Ni ule ule, umebadilisha rangi tu. Hatua ishirini, gurudumu halizunguki tena. Tope limejaa kati ya tairi na fremu, breki hazionekani, viatu vimekuwa vya kilo mbili kila kimoja. Nikabeba baiskeli begani karibu saa nzima. Kilichoniokoa ni kijiti cha mzeituni nilichookota, nikawa nakwangua tope kila baada ya hatua chache. Ningerudia? Ndiyo, ila ningebaki barabarani.

Bint Makunduchi:
Asalaam aleikum. Mie si mwanamichezo, nalea bibi mmoja wa miaka 88 karibu na San Quirico d'Orcia, na siku yangu ya mapumziko ni Alhamisi. Mwanawe alinipa baiskeli ya umeme iliyokuwa stoo, akaniambia ukikaa ndani tu utaugua moyo. Basi nikawa natoka, buibui nimeliacha nyumbani, nimevaa suruali pana na kofia ngumu juu ya ushungi. Mwanzo watu walikuwa wakinitazama. Sasa wananiita kwa jina.

Nataka niwaambie jambo ambalo mnapita juu yake hamlijui. Siku moja nilimuuliza bibi, hizi barabara kwa nini zimezunguka hivi, kila kilima na chake, na kila moja inaishia kwenye nyumba moja ya mawe? Akacheka. Akanambia, mwanangu, hizi zilikuwa za kwetu wakulima. Shamba la bwana, nyumba ya bwana, sie tunalima na mavuno tunagawana naye nusu kwa nusu. Wanauita mezzadria. Kila familia na kilima chake, na barabara ya kupitishia mkokoteni wa ng'ombe. Babake alikuwa akihesabu magunia mbele ya msimamizi, moja lako, moja la bwana, hata mayai. Mwaka 1964 serikali ikapiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo, na vijana wengi walikuwa washakimbilia viwandani. Nyumba zikabaki na popo. Ndiyo maana lami haikufika, kulikuwa hakuna wa kumpelekea.

Tangu siku ile nikipita nyumba iliyobomoka paa nashuka kidogo. Baadhi wamezigeuza hoteli, zina mabwawa ya kuogelea. Bibi akiziona hutikisa kichwa, hasemi kitu.

Mkifika Bagno Vignoni, uwanja wa kijiji si uwanja, ni birika kubwa la maji ya moto yanayotoka ardhini. Humo hawaruhusu kuoga. Teremkeni chini kwenye vinu vya zamani, maji yanapita kwenye mifereji ya mawe, hapo mtu anatia miguu bila kuulizwa. Kaka zangu, baada ya vilima vile, hiyo ni dawa.

Kinga ya Bukavu:
Jambo wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, naishi Liège, Kiswahili yangu ni ya kwetu, musinicheke. Kwetu baiskeli tunaita kinga.

Nilienda Siena mwezi wa tatu 2024 kuangalia mbio ya baiskeli ya Strade Bianche, maana yake barabara nyeupe. Pogačar, yule bingwa wa Slovenia, alitoka peke yake ikibaki kilomita 81, pale kwenye sehemu ya Monte Sante Marie, na hakuna mtu aliyemuona tena. Ile sehemu ni kilomita 11 na nusu za changarawe, wameipa jina ya Cancellara, Mswisi mmoja wa zamani, sababu alishinda hii mbio mara tatu. Kesho yake Jumapili wanaacha watu wa kawaida wapite, na mimi nilijiandikisha. Nilikuwa najiona mwanaume, sababu milima ya Ardennes naijua.

Ndugu zangu, karibu na mwisho kuna barabara ndogo mjini inaitwa Via Santa Caterina. Mawe ya kuchongwa chini, nyumba za zamani huku na huku, na mwinuko wa asilimia 16. Watu wako madirishani wanapiga kelele. Miguu ilikataa. Nilishuka. Mama mmoja akaweka mkono kwenye mgongo yangu, akanisukuma mimi na kinga yangu pamoja, mpaka pale inapolala. Ndivyo niliingia Piazza del Campo, uwanja wa Siena ambapo mbio inaishia, nimesukumwa na mama wa watu. Medali nimeiweka, lakini nusu ni yake.

Mzee wa Pedeli:
Bint Makunduchi, shukrani sana dada. Ile habari ya nusu kwa nusu sikuijua, na nimepita pale mara tano.

Nami niongezee ya mbwa. Kule Crete Senesi utakuta kondoo, na kondoo wana walinzi: mbwa wakubwa weupe wa Maremma. Wanalala katikati ya kondoo, huwaoni mpaka wasimame. Mimi nilikosea, nikakanyaga pedeli nikimbie. Wakanifuata kwa raha zao. Mchungaji akaja baadaye akanifundisha: shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, tembea polepole, usiwakodolee macho. Tangu hapo sijapata shida.

Pia mkate wao hauna chumvi. Ukitoka jasho la saa sita halafu ukapewa mkate usio na chumvi unaweza kulia. Beba karanga zako.

Vumbi la Njombe:
Haya nimeanza kupata wivu. Huyo binamu wa Dodoma aje na tairi gani?

Mzee wa Pedeli:
Milimita 40 zisizo na tyubu, zile zenye dawa ndani, na upepo wa wastani tu, ukibonyeza kwa dole gumba iingie kidogo. Maji chupa mbili, chemchemi za vijijini nyingi zinanyweka lakini soma kibao. Aanze saa kumi na mbili asubuhi, saa saba awe kivulini. Na siku ya mvua asiguse mashamba, au Mtoto wa Kapsabet amuazime kile kijiti.

Mtoto wa Kapsabet:
Kijiti kipo. Nimerudi nacho Kenya kwenye begi, mama anakorogea uji wa kuku.