AFM imenikataa mara ya tano, nimebaki na pepa hii moja tu, naombeni ushauri

Mwana_wa_Busia:
Habari zenu ndugu zangu. Naandika hii saa kumi na moja alfajiri, usingizi umekataa kabisa. Matokeo ya ACCA, ile mitihani ya kimataifa ya uhasibu, ya Machi yametoka usiku huu, mesiji iliingia saa nane na kitu simu ikiwa juu ya kifua changu maana nililala nayo, nikaisomea chini ya shuka ili mke wangu asiamke. AFM, ile pepa ya juu ya usimamizi wa fedha, 48. Naziweka zote hapa mzione: 41, 44, 48, 46, na sasa 48 tena. Kupita ni 50 kama mnavyojua.

Niko Kampala, nafanya kazi kwa kampuni ndogo ya kukagua hesabu, lakini nyumbani ni Busia upande huu wetu, marehemu baba alikuwa anabadilisha pesa pale mpakani, ya Uganda na ya Kenya, na mi nilikuwa nakaa pembeni yake kwenye kiti kidogo nikimsaidia kuhesabu, nadhani haya mambo ya fedha yaliniingia hapo. Pepa 12 nishamaliza kati ya 13. SBR, ile ya ripoti za hesabu, nilipita Desemba 2020, SBL ya uongozi wa biashara ikafuata, AAA ya ukaguzi nikapita mara ya kwanza kwa sababu oditi ndiyo mkate wangu. Imebaki hii tu. Na ile sheria ya miaka 7 inanifuata nyuma, yani nisipomaliza kufikia Desemba 2027 hiyo SBR inafutika nianze kuirudia.

Pesa inauma, ada ni ya pauni na mimi nalipwa shilingi, mara mbili nimekopa SACCO. Lakini kinachonimaliza ni mama. Kila matokeo yakitoka anapiga asubuhi, sijui nani humwambia siku, anauliza "wamekupa?" Mara mbili nimemwambia bado hayajatoka. Leo sitaki kumdanganya.

Naomba mnisaidie: niwaandikie ACCA waangalie upya alama zangu, maana ni mbili tu zimebaki? Nihamie APM, ile pepa ya kupima utendaji wa kampuni? Ama nipumzike mwaka mzima? Kwa kweli nimechoka ndugu zangu.

KijanaWaArua:
Pole sana kaka. Mi niko kwa AAA, nimeanguka mara ya tatu usiku huu huu, 43. Nimesoma uzi wako nikaona kama umeandika habari zangu. Sina ushauri, nakaa hapa nisome watakachokwambia.

Nyabo_wa_Ntinda:
Banange pole kaka, 48 mara mbili ni kidonda. Nianze na hilo la kwanza maana lina siku zake na usije ukatupa pesa bure: ile riviu wanayoitoa hawasahihishi upya, wanaangalia tu kwamba kila jibu lilisahihishwa na alama zilijumlishwa sawa. Kama uliandika na ukaona mwenyewe muda ulikwisha, hakuna watakachopata. Pesa hiyo iweke kwa mtihani ujao.

Sasa nikuulize kitu, unijibu ukweli. Ile siku ya mtihani, swali la mwisho ulilifikia ukiwa na dakika ngapi? Usitaje maswali yenyewe, nataka dakika tu. Nimepita AFM mwaka juzi baada ya kuirudia mara tatu na hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyeniuliza mapema.

Bosi_wa_Ledja:
Badilisha ndugu. Mimi niliachana na AFM baada ya mara mbili, nikaenda APM nikapita na 53. Sheria inaruhusu, unachagua mbili kati ya nne, AFM, APM, ATX ya kodi na AAA, hakuna anayekulazimisha kung'ang'ania moja. Zile hejingi na swopu, mbinu za kujikinga na viwango kupanda na kushuka, kama hazikai kichwani hazikai, mtu asione aibu.

Nyabo_wa_Ntinda:
Bosi nakuheshimu, lakini wewe ulihama ukiwa wapi? Huyu yuko 48. Mara nyingi wanaopita APM ni wachache hata kuliko wa AFM, na ni pepa ya kuandika mwanzo mpaka mwisho, hesabu kidogo tu. Aache msingi wa miaka miwili aende kuchimba mwingine na saa ya 2027 inakaribia? Angekuwa na 28 au 30 kila mara ningekuunga mkono.

Bosi_wa_Ledja:
Kale, hapo sawa. Mimi nilikuwa na 31 na 34.

Mwana_wa_Busia:
Dada Nyabo, umenishika pabaya. Swali la mwisho nililifikia na dakika 19. Na siyo mara hii tu, nikikumbuka mara zote tano ni hivyo hivyo, ile ya 41 sikuligusa kabisa.

Kilichotokea Machi ni hiki. Nilianza na lile swali kubwa la Sehemu A, nikajenga spredishiti yangu ya mradi, mapato, kodi, viwango vya fedha kila mwaka, mwisho NPV, yani faida ya mradi kwa thamani ya pesa ya leo, ikatoka namba ambayo roho ilikataa. Nikarudi juu kutafuta kosa. Seli moja moja. Nikalipata, nilikuwa nimechukua mfumuko wa bei wa nchi moja nikauweka kwa nyingine, nikarekebisha, nikafurahi, kuinua macho saa ya kwenye skrini inaonyesha nimebaki na chini ya saa moja na nusu na maelezo ya ripoti sijaandika hata mstari. Mi ni odita, nikiona namba haikai siwezi kuiacha, ofisini ndivyo nilivyofundishwa na ndiyo sifa niliyonayo kwa bosi.

Nyabo_wa_Ntinda:
Asante kwa kusema hivyo. Basi soma hapa polepole.

Una dakika 195. Sehemu A ni alama 50, hiyo ni nusu, kwa hivyo dakika 97 ukigusa 98 unaondoka hata kama sentensi iko katikati. Yale mawili ya Sehemu B ni 25 kila moja, dakika 48 kila moja. Andika hizo saa kwenye karatasi ya rafu kabla hujafungua swali.

Ile namba uliyoitafuta kwa uchungu pengine ilikuwa alama moja au mbili. Ukikosea hatua moja, hatua zinazofuata wanakusahihisha kwa kutumia namba yako hiyo hiyo uliyoikosea, mradi njia ni sahihi. Ungeiacha, ukaandika mstari mmoja kwamba matokeo yanategemea makadirio ya mfumuko wa bei na yanahitaji kupimwa tena, hapo unapewa hata alama ya kuonyesha mashaka ya kitaalamu! Tangu Septemba 2022 zipo alama 20 za weledi, 10 ziko Sehemu A na 5 kwa kila swali la B. Zinatoka kwa maandishi: mpangilio wa ripoti, kuhoji makadirio, kuonyesha unaelewa biashara ya kwenye hilo swali. Wewe ukifika kwa maelezo umebaki na pumzi kidogo, sasa hizo 20 unaziokota saa ngapi?

Hata Black-Scholes inayotisha watu, ile fomula ya kukadiria bei ya opsheni (haki ya kununua au kuuza baadaye), kikokotoo wanakupa tayari kwenye komputa, unaingiza vitu vitano inakupa jibu. Wanachotaka ni uwaambie jibu hilo lina maana gani kwa wakurugenzi.

MamaWawili_Kireka:
Naongezea kidogo tu maana watoto wanaamka. Unafanyia mazoezi wapi, daftari au komputa? Mi nilikuwa naandika kwa kalamu mezani jikoni, vidole vikawa havijui spredishiti, siku ya mtihani natafuta kitufe. Ingia kwa ile platifomu ya mazoezi ya ACCA, ni bure kwa wanafunzi, mitihani ya nyuma imo na skrini ni ile ile. Nilikuwa naamka saa kumi kabla ya uji wa watoto, swali moja, nafunga. Umeme ukikatika nasoma ripoti za watahini kwenye simu, wanaeleza wazi watu walipoteza alama wapi.

Mzee_wa_Nakawa:
Vijana wangu, nimesoma yote. Mimi nilifanya mitihani hii ikiwa mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kwa kalamu, matokeo yanakuja kwa posta. Pepa moja niliirudia mara sita. Ukianguka unangoja nusu mwaka, na kule kungoja ndiko kulikonivunja zaidi ya kuanguka kwenyewe, nilikuwa napita mbali na sanduku la posta.

Mwanangu wa Busia, jambo moja sijaona mtu amelisema. Wewe ni odita na unakaa mtihani Machi? Wateja wenu ni wa kufunga hesabu za mwaka Desemba, sivyo? Januari mpaka Machi unalala ofisini, unatoka saa nne za usiku, unapanda boda umelowa mvua, ndipo ufungue kitabu. Hizo nafasi tano, ngapi zilikuwa Machi?

Na mama mpigie wewe kwanza, kabla hajakupigia.

Mwana_wa_Busia:
Mzee, asante. Tatu zilikuwa Machi. Nilikuwa naharakisha kwa sababu ya ile miaka 7, nikiona dirisha la kujisajili liko wazi najisajili, sikuwahi kukaa nikajiuliza miezi hiyo nalala saa ngapi.

Nimempigia mama saa moja asubuhi, nimesimama nje karibu na tangi la maji. Nikamwambia nimeanguka, na nikamwambia na zile mara mbili nilizomficha. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza kama nimekunywa chai. Akasema zile mara mbili alijua tangu siku ile ile, sauti yangu ilikuwa chini, hakutaka kunibana. Nimekaa pale kwenye tofali muda mrefu kidogo.

Nimeamua hivi, mnirekebishe kama nakosea. Juni naiacha ipite, siwezi kujiandaa wiki hizi chache. Nakaa Septemba, najisajili mapema kabla ada haijapanda, na Septemba ikikataa Desemba bado ipo, tena kabla ya msimu wetu. APM siendi. Na kuanzia wiki hii nafanya swali moja zima kila Jumamosi kwa komputa, dakika 48 au 97, saa ikilia naacha. Sina hakika mkono utakubali kuiacha namba mbaya kwenye skrini, hapo ndipo naogopa.

Nyabo_wa_Ntinda:
Nitumie inboksi kila Jumapili, nitasahihisha. Maelezo nitayasoma kabla ya spredishiti, ukijua hivyo utayaandika. Na wiki ya kwanza makusudi acha kosa moja humo ndani, ulione, uendelee mbele nalo.

Mwana_wa_Busia:
Makusudi kabisa dada? Sawa. Jumamosi hii saa tatu asubuhi naanza. Mungu akubariki.

KijanaWaArua bado uko hapa? Hiyo AAA yako 43, nitumie majibu uliyoandika kwenye mazoezi ya mwisho, hata kama ni mabaya. Yako nitasahihisha mimi.

KijanaWaArua:
Niko hapa kaka. Natafuta laptopu niichaji, nakutumia kabla ya saa sita.