Tupeane uzoefu: mwajiri anapowapimisha afya (Arusha na Moshi)

Mwakilishi, Njiro: Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi hoteli ya kitalii hapa Arusha, na wenzangu wamenichagua mwakilishi wa usalama na afya. Mwezi ujao wote tunapimwa: presha, sukari, macho, na akina mama mlango wa kizazi. Uongozi unalipa. Hofu yangu ni watu kutojitokeza, maana jikoni wameshaanza kunong'ona kuwa wanatafutwa wa kupunguzwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe anapoanza kazi, akiwa kazini na anapoondoka, lakini sheria haimfanyi mtu akunje shati kwa moyo mmoja. Kwenu watu walikubali vipi?

Mpiga dawa mstaafu, Usa River: Nilikuwa shamba la maua, kitengo cha kupiga dawa. Baadhi ya dawa za wadudu hushusha kimeng'enya cha damu kiitwacho kolinesterasi. Kikishuka sana utaona jasho, mate yanakujaa, macho yanaona ukungu, kifua kinabana. Kwa hiyo unapimwa kabla hujashika pampu ili kijulikane kiwango chako mwenyewe, halafu wanarudia na kulinganisha. Kikishuka unahamishiwa kufungasha maua mpaka kiwango chako kipande tena. Sasa sikia, mwanangu. Mwanzoni aliyehamishwa alikosa posho ya kupiga dawa, basi watu wakawa wanakwepa vipimo, wengine wanaugulia bandani kimya kimya. Chama cha wafanyakazi kilipambana mpaka posho ikawa haikatwi, na hapo ndipo foleni ya vipimo ilipojaa. Kabla ya kutangaza chochote, pata kwa maandishi: atakayekutwa na shida, mshahara wake utakuwaje?

Dereva wa watalii, Sakina: Mzee kasema kweli. Sisi tunapimwa wakati wa masika, magari yakiwa yamelala. Sikuwa naumwa kitu. Nesi akapima akapata 168 kwa 104, akanipumzisha, akarudia, ileile. Akanieleza kwamba kuanzia 140 kwa 90, ikijirudia, hiyo ni presha. Nilianza dawa na bosi hakuambiwa, nilimwambia mwenyewe nilipokuwa tayari. Nashusha wageni kreta ya Ngorongoro, na ile barabara mnaijua. Kiharusi kingenikuta pale na gari limejaa watu! Namshukuru sana yule dada.

Mama Kibosho, Moshi: Kwa akina mama, angalia chumba kwanza. Kwetu walitupimia chumba kilichopakana na ofisi ya meneja, kimetengwa kwa pazia jepesi. Hakuna aliyeingia. Safari iliyofuata tulipewa ruhusa ya nusu siku bila kukatwa, tukaenda hospitali ya Mawenzi kwa makundi, karibu wote tukapima. Wanalengwa hasa wenye miaka 30 hadi 50. Nesi anapaka mlango wa kizazi asidi nyepesi, ileile iliyomo kwenye siki, anasubiri kidogo, na penye mabadiliko panageuka peupe. Mwenzetu mmoja pakaonekana, akatibiwa kabla haijawa saratani, na hakuwa na dalili hata moja. Waeleze pia kwamba aliye kwenye siku zake apangiwe tarehe nyingine, asione haya kusema.

Mchimbaji, Mirerani: Huku adui ni vumbi la mwamba. Pigeni picha ya kifua hospitali ya Kibong'oto hata kama hamkohoi. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haiponi, na mwenye nayo TB humpata kirahisi. Wengi wetu hatuna mwajiri wa kutupeleka.

Karani, Majengo: Majibu anayaona nani? Na VVU je?

Mwakilishi, Njiro: VVU ni kwa hiari. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inataka ridhaa, na majibu ni siri. Kwa mengine nimeomba uongozi upewe cheti cha kufaa kazi tu, majibu mtu akabidhiwe mwenyewe. Mzee wa Usa River, shikamoo, suala la mshahara nalipeleka kesho kabla tangazo halijabandikwa. Mama Kibosho, nitaomba gari la kuwapeleka hospitali. Wanaonisumbua ni walinzi wa usiku: sukari inataka mtu akae masaa manane bila kula, nao wanatoka lindo alfajiri wakiwa wameshakula usiku wa manane.

Nesi, Kaloleni: Wapange siku wanayoamkia nyumbani, wapime asubuhi kama wengine. Kipo pia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, hicho hakihitaji kufunga, ila bei yake iko juu. Ulizia maabara kabla hamjasaini bajeti.