Nimemsimulia marehemu kwa uongo, watu elfu 41 wamesikiliza. Nifute au nisahihishe?

Binti wa Kabatini (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanirukia.

Nina chaneli ya simulizi YouTube. Nasimulia mimi, picha zinapita nyuma. Narekodia ndani ya kabati la nguo, mlango nimeuziba kwa blanketi, simu nimeiegemeza kwenye rundo la vitenge. Mwenzangu mmoja ndiye anayehariri. Tunasimulia skendo za waigizaji wa zamani wa Hollywood, wa filamu bubu na wa miaka ya 40 na 50, maana za hapa nyumbani zina wenyewe, na wenyewe wana simu na mawakili.

Mwezi uliopita nikatoa ya Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mnene waliyekuwa wakimwita "Fatty". Kwa wasiomjua: mwaka 1921 jamaa yupo juu kabisa, studio ya Paramount wamempa mkataba wa dola milioni 1 kwa mwaka. Septemba 5 kukawa na sherehe hoteli ya St. Francis, San Francisco, vyumba namba 1219, 1220 na 1221. Pombe inamwagika, na huo ndio wakati pombe ni marufuku Marekani nzima. Mwigizaji mmoja wa kike, Virginia Rappe, akaugua mle ndani. Siku nne baadaye akafariki, kibofu kimepasuka. Arbuckle akakamatwa.

Mimi nikaisimulia kama nilivyoikuta kwenye video za Kiingereza: kwamba alimbaka, na ile habari ya chupa ambayo hapa siirudii. Nikatia madoido. Pale penyewe nikashusha sauti, mnajua tena. Ikafika elfu 41, wakati za nyuma zote zilikuwa zinagota elfu 2.

Wiki iliyopita mtu akaandika chini: "Dada, huyu mahakama ilimwachia. Ulisoma mpaka mwisho?" Sikusoma mpaka mwisho. Usiku ule nikakesha nasoma. Kesi ilisikilizwa mara tatu, na mara ya tatu, Aprili 12, 1922, wale raia 12 wa juri walikaa faragha dakika kama 6 tu. Na katika hizo, nyingi zilikwenda kwenye kuandika waraka wa kusema kwamba kumwachia peke yake hakutoshi, ametendewa dhuluma kubwa. Nilipofika hapo nikafunga simu nikaangalia dari.

Sasa mwenzangu anasema tusiiguse, ndiyo inayotulisha. Mwenye saluni anayetudhamini anataka "nyingine kama ile". Mama yangu naye kaisambaza kwa wenzake wa vicoba. Nifute? Nisahihishe? Au mtu aliyekufa zamani hivyo hanihusu?

Mzee wa Karanga

Ngoja waje wenye akili zao. Mimi nimekaa pale.

Kiroboto

Dada shusha presha. Jamaa kafa 1933, nani atakuja kumlilia? Watu wanataka chumvi. Ukiandika "mahakama ilimwachia" nani atabofya? Toa nyingine, songa mbele.

Wakili Mlalahoi

Kiroboto, usimpotoshe mtoto wa watu.

Mleta uzi, mwezi uliopita ulisema uongo bila kujua. Leo unajua, na bado upo hewani. Hayo ni mambo mawili. Soma kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 uone neno "kujua" linavyofanya kazi pale. Sisemi polisi watakugongea kwa ajili ya mchekeshaji wa California. Nasema jizoeze mapema, kesho utasimulia ya mtu aliye hai.

Ila mimi kinachoniuma zaidi ni kwamba umekosa utamu wa kesi yenyewe. Mashtaka yalikuwa ya kuua bila kukusudia, na hoja ya upande wa mashtaka ilikuwa uzito wake, kwamba alimlalia binti kibofu kikapasuka. Chupa ilikuwa ya vijiweni. Aliyepeleka malalamiko polisi ni mwanamke mmoja aliyekuwemo kwenye sherehe, Maude Delmont. Magazeti ya William Randolph Hearst yakamfanya ndiye shahidi mkuu, watu wakasoma maneno yake asubuhi na jioni. Sasa sikia: kesi tatu zote, mwendesha mashtaka Matthew Brady hakumpandisha kizimbani hata siku moja. Aliogopa atakavyoulizwa maswali. Huyo ndiye shahidi uliyemsimulia wewe.

Na matokeo hayakunyooka kama watu wanavyodhani. Mara ya kwanza, Desemba 1921, juri iligawanyika, 10 wa kumwachia, 2 wakagoma. Mara ya pili, Februari 1922, mambo yakapinduka, wengi wakataka atiwe hatiani. Kisa? Mawakili wake walijiona wameshashinda, hawakumsimamisha atoe ushahidi, hata majumuisho ya mwisho hawakutoa. Kiburi hicho kilitaka kumpeleka jela. Mara ya tatu ndiyo hiyo ya dakika 6. Hapo una vipindi vitatu, dada, na hakuna hata kimoja kinachohitaji chupa.

Shangazi wa Chumbageni

Mwanangu Binti, pole. Mimi ni mtu mzima, nitasema jambo moja.

Nimesoma alivyoandika Wakili, maneno mazuri. Lakini nakuonya: usije ukamsafisha mwanamume kwa kumpaka tope mwanamke. Wamarekani wenyewe wamefanya hivyo miaka mingi. Kila anayemtetea huyo Arbuckle huanza kumchambua Virginia, mara alikuwa mlevi, mara alikuwa hivi na vile, utadhani ni yeye aliyeshtakiwa. Yule alikuwa mwanamke wa miaka 30, aliwahi kuwa mwanamitindo, akibuni nguo, akiigiza. Alishikwa na maumivu akawa anapiga kelele na kujichania nguo, wenzake wakadhani ni pombe, wakamtumbukiza kwenye bafu la maji baridi. Daktari wa hoteli naye akasema kalewa, akamchoma mofini. Siku zikapita pale hotelini kabla hajapelekwa hospitali.

Hicho ndicho kisa kinachoniliza mimi. Chumba kimejaa watu, na mtu anakufa huku wanasema amelewa. Wala hakuna haja ya mbakaji ndipo kiwe kisa.

Kiroboto

Shangazi umenigusa hapo. Sawa, nimenyamaza. (Sijanyamaza.) Lakini kwani lazima Wazungu? Mbona hamgusi ya Kanumba, mwigizaji wetu wa hapa?

Mkazi wa Sinza

Kiroboto tuheshimiane. Aprili 2012 nilikuwepo viwanja vya Leaders, Dar, siku ya kumuaga, watu wanazimia kwa jua na kwa kilio, na hapo hapo mgongoni kwangu jamaa wawili wanabishana alikufaje. Kila mmoja "alikuwepo". Mahakama ilisikiliza, ikatoa hukumu Novemba 2017, ikasema kuua bila kukusudia, miaka miwili, na adhabu ikatumikiwa. Mhusika yupo, familia zote mbili zipo. Mtu akitaka kusimulia hiyo ashike hukumu mkononi, si maneno ya baa.

Msafwari wa Likoni

Mie nauliza, kwani lazima kila skendo iwe na maiti? Dada, mwenye saluni anataka moto, mpe ya Ingrid Bergman. Mke wa mtu, kaenda Italia 1949 kuigiza filamu ya Roberto Rossellini, naye mume wa mtu, wakapendana. Februari 1950 mtoto wa kiume akazaliwa talaka haijakamilika. Waliokuwa wakimwona kama mtawa, kwa vile aliigiza mtawa, walihisi wameibiwa. Machi 14 mwaka huo huo Seneta Edwin Johnson wa Colorado akasimama ndani ya Seneti ya Marekani kumshambulia, akamwita ushawishi mkubwa wa uovu. Seneti nzima, ajenda ni mimba ya mwigizaji! Akakaa Ulaya miaka. 1957 akapewa Oscar akiwa hata hayupo ukumbini, Cary Grant akampokelea. Na 1972 seneta mwingine, Charles Percy, akasimama humo humo akaingiza kumbukumbu ya kumwomba radhi. Miaka 22 bana, radhi ya kuzaa.

Hapo hakuna uvumi wa kusahihisha, kila kitu kiliandikwa. Na akina mama wa saluni watabishana mpaka nywele ziungue kwenye draya.

Fundi Sauti

Mmeongea falsafa, hakuna aliyejibu swali. Nifute au nisahihishe?

Usifute. Ukifuta, wale elfu 41 wanabaki na uongo vichwani na wewe huna pa kuwaambia. YouTube hawakuruhusu kubadilisha video ukabaki na kiungo kile kile, ila ukiingia kwenye studio yao unaweza kukata kipande. Kata chupa. Kata ulipomwita mbakaji. Badilisha kichwa cha habari. Andika maoni yako mwenyewe na uyabandike juu kabisa: "Nilikosea, hapa na hapa." Halafu rekodi sehemu ya pili na kosa ulitaje kwa SAUTI, dakika ya kwanza, sio chini kwenye maelezo. Mama wa vicoba hasomi maelezo, anasikiliza huku anakuna nazi.

Na ile iliyokwisha kwenda WhatsApp hairudi. Hiyo mfuate mama yako kwa miguu.

Kuhusu njaa ya mwenzako: mwambie sehemu ya pili ina utamu kuliko ya kwanza. Siku sita tu baada ya Arbuckle kuachiwa, Aprili 18, 1922, mkubwa mpya wa maadili wa wenye studio, Will Hays, akapiga filamu zake marufuku. Desemba marufuku ikaondolewa lakini hakuna wa kumpa kazi ya kuonyesha sura. Nyumba na magari yalikwisha uzwa kulipa mawakili. Akawa anaongoza filamu kwa jina la kubuni, William Goodrich. Mchekeshaji Buster Keaton, aliyeingizwa kwenye filamu na Arbuckle mwaka 1917, hakumtupa. Miaka ya 30 studio ya Warner wakamrudisha Arbuckle kwenye filamu fupi za sauti, watu wakacheka tena. Juni 29, 1933 akalala New York, hakuamka. Miaka 46. Nani ataacha kusikiliza hapo?

Mzee wa Karanga

Karanga zimeisha. Fundi amemaliza.

Binti wa Kabatini (mleta uzi)

Asanteni wakuu. Shangazi, nimeisikiliza tena ile simulizi kwa sikio lako. Katika dakika 23 jina la Virginia nimelitaja mara mbili tu. Mara nyingine zote nimesema "yule demu". Nimeona aibu kuliko hata ya chupa.

Nimekata vipande viwili, kichwa nimebadilisha, maoni nimeyabandika. Mwenzangu kanuna, ila kaomba nimtumie ile ya juri na dakika 6, kwa hiyo namjua, atarudi. Mwenye saluni nimemuahidi ya Bergman wiki ijayo, kauliza kama huyo Rossellini alikuwa na hela.

Mama nimempigia. Kaniambia, "Sasa mimi nitawaambiaje wenzangu?" Nikamwambia nitakuja Jumamosi kwenye kikao niseme mwenyewe. Kanyamaza kidogo, akasema basi njoo na sukari.

Sehemu ya pili nilianza kurekodi saa mbili hii. Nimeanzia bafuni, kwenye yale maji baridi, na kwa jina lake kamili. Nimefika kwa daktari wa hoteli, mvua ikashuka juu ya bati. Nipo humu kabatini nasubiri ikatike.