Kadi ya mistari miwili si majibu ya homa ya ini C. Acheni kutisha watu!

Wakuu, leo tusibembelezane. Mtu anatobolewa kidole, kadi inachora mistari miwili, anaambiwa palepale: "Una homa ya ini C sugu." Karatasi inagongwa muhuri, mtu anarudi nyumbani kuwaza wosia.

Kadi ile inatafuta kingamwili, haitafuti kirusi. Inachosema ni kwamba mwili uliwahi kukutana nacho, iwe mwaka huu au miaka 20 iliyopita. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 15 hadi 45 hukifukuza wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote, na kadi huendelea kuwachorea mistari. Kama kirusi kipo au hakipo, mwenye jibu ni kipimo cha RNA, yaani PCR, kinachosaka vinasaba vya kirusi chenyewe. Na msituambie mashine hakuna: GeneXpert hiyohiyo ya TB inapima na hiki, inataka katriji yake tu. Tena kadi inadanganya hata upande wa pili. Kingamwili huchukua wiki 8 hadi 11 kuonekana, kwa hiyo muuguzi aliyejichoma sindano mwezi jana akipewa "hasi" hajaambiwa kitu. RNA huonekana ndani ya wiki 1 hadi 2.

Kinachokera zaidi ni baada ya tiba. Mgonjwa amemeza sofosbuvir 400 mg na daclatasvir 60 mg kila siku kwa wiki 12, dozi inayoponya zaidi ya asilimia 95. Anarudi kuangaliwa, wanamtolea kadi ileile! Chanya, ulitegemea nini? Eti dawa imegoma. Pimeni RNA wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Haipo? Kapona.

Kabla ya kuanza dawa nako kuna madudu. HBsAg, kipimo cha homa ya ini B, inarukwa, wakati homa ya ini B iliyolala huweza kuamka C ikiondoka. Anayetumia rifampicin ya TB anaandikiwa sofosbuvir, na rifampicin inaiua nguvu. Ini linahukumiwa kwa ALT peke yake (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu), ambayo huweza kuwa ya kawaida huku makovu yanajijenga. Shikeni simu mpige hesabu ya makovu: umri mara AST (kimeng'enya kingine), gawanya kwa chembe sahani (zinazogandisha damu) mara kipeuo cha pili cha ALT. Miaka 50, AST 80, chembe sahani 120, ALT 64: 4,000 kwa 960, ni 4.17. Ikivuka 3.25, shuku sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Ikithibitika, hata kirusi kikiisha, ultrasaundi kila miezi 6, maana saratani ya ini bado inamvizia.

Anayewauzia "chanjo ya C" ni tapeli; iliyopo ni ya B. Na mnaogawa sindano maskani kwa wanaojidunga dawa za kulevya, gaweni na vijiko, pamba na maji. Watu wanaacha kuchangia sindano, halafu wote wanavuta kutoka kijiko kimoja. Aliyepona naye asijiachie, huambukizwa upya, na kwake kadi haina kazi tena: ni RNA tu.