Naomba ushauri: lipu ya nje inapasuka, nyumba iko jangwani

Wakuu, salaam. Nyumba yangu iko jangwani: mchana joto kali, usiku baridi. Kuta za nje zimepigwa lipu ya saruji. Ukuta wa magharibi, unaochomwa na jua la alasiri, umejaa nyufa nyembamba kama nywele. Hizo sizihofii sana. Kinachoninyima usingizi ni ufa wa kwenye kona ya dirisha. Kucha inaingia, na nikigonga chini yake panalia kama debe tupu. Nahisi lipu imeachia ukuta.

Fundi anataka tuzibe juu kwa juu na kupaka rangi wiki hiyohiyo. Mimi najua saruji inahitaji maji ili ikomae, na upepo huu mkavu hukausha lipu mbichi kabla haijapata nguvu. (Na yeye hupenda kuanza kazi saa saba mchana!)

Je, nisubiri miezi ya baridi, tubomoe sehemu iliyoachia, tupige upya alfajiri kwenye kivuli na kunyunyizia maji siku kadhaa? Au nizibe ufa wa dirishani kwanza, maana mvua za ghafla zinakaribia? Rangi nasikia isubiri siku 28, mnasubiri kweli? Na ile inayonyumbulika kama mpira, haifungii unyevu ndani?

Halafu chini karibu na ardhi kuna chumvi nyeupe. Nashuku maji ya kumwagilia bustani yanarukia ukuta. Aliyepitia haya anisaidie.